Laki na ishirini ya waranti ya nyongeza

Kazi yangu ni madai ya bima. Siuzi bima, nakaa upande ule mwingine, pale mtu anapoleta picha za gari lililobonyea ubavuni na mimi nafungua mkataba kuona kama tunalipa au hatulipi. Ndiyo maana nina tabia ambayo imeshawachosha watu wa nyumbani kwangu: karatasi yoyote ya dhamana naianzia mwisho, kwenye maandishi madogo, kule yalikoandikwa mambo yasiyolipwa. Mbele huko ni tangazo. Mkataba wenyewe unakaa nyuma.

Basi jicho hilo ndilo nililokwenda nalo kununua tivii.

Tuliyokuwa nayo ilikuwa inchi 32, ya siku nyingi, na iliuliwa na umeme. Ilikuwa jioni ya mvua za masika. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, halafu ukarudi kwa nguvu hadi taa ya sebuleni ikatoa mwanga mweupe wa ajabu. Tivii ikalia "tak" mara moja, basi. Watoto walikuwa katikati ya katuni, na yule mdogo akanigeukia kwa hasira kuniuliza kwa nini nimeizima.

Fundi wa mtaani kwetu, Kinyerezi hapa Dar, aliifungua mbele yangu. Ni mzee mmoja mtaratibu, hana haraka ya kukwambia ununue mpya kwa sababu yeye anakula kwa hizi kuukuu. Akanionyesha pawa bodi: kapasita mbili zimevimba vichwa, fyuzi nyeusi, na moto umepita mpaka kwenye mazabodi, ile bodi kuu. Pawa bodi peke yake angebadilisha siku hiyo hiyo. Ila mazabodi ya modeli ile ingebidi akaisake kwenye mizoga ya tivii nyingine, na kwa gharama yake hata yeye alitikisa kichwa.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, hizi zinazokuja hapa kwako, nyingi zinakufa kwa nini?" Ni swali la kazini. Kabla hujaangalia bima inalipa nini, jua kwanza hasara huwa inatokea wapi.

Akasema nyingi ni umeme. Si umeme mdogo, maana tivii za sasa pawa saplai zake zinavumilia. Geuza nyuma ya nyingi utakuta zimeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo ule umeme wa jioni unaofifia hadi feni inazunguka kwa uvivu hauzisumbui sana. Kinachoua ni ule wa kurudi kwa kishindo, na radi. Halafu radi, akanieleza, haipiti kwenye plagi tu. Inaingia na waya wa dishi au wa antena, inapita king'amuzi, inafika kwenye tundu la HDMI. Watu wanachomoa plagi ya ukutani mawingu yakifunga, wanakaa wameridhika, kumbe waya wa dishi wameuacha umechomekwa.

Zinazofuatia ni za taa. Kwenye tivii za LED kioo chenyewe hakitoi mwanga, nyuma yake kuna mikanda ya taa ndogondogo inayokimulika. Taa hizo zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo moja ikiungua mkanda mzima unaweza kuzima. Sauti unaisikia, picha huioni. Njia ya kuhakikisha ni kuzima taa za chumbani na kumulika kioo kwa tochi ya simu, ukiilaza pembeni: ukiona watu wanatembea humo ndani kwa mbali kama vivuli, paneli ni nzima, ni taa tu, na hiyo inatengenezeka bila kukufilisi. Taa zinauliwa na joto, na joto linaletwa na mwanga uliowekwa hadi mwisho. Tivii nyingi ukiiwasha mara ya kwanza inakuuliza iko dukani au nyumbani. Mtu ana hamu ya kuona picha, anabonyeza chochote, inabaki kwenye mpangilio wa dukani inawaka kama jua la saa saba mwaka mzima.

"Na kioo je?" nikamuuliza.

Akacheka. "Za kioo hawaniletei, mwanangu. Wananipigia simu kuuliza bei. Wakiisikia, hawaji."

Maana paneli ndiyo tivii. Hayo mengine yote ni makorokoro yaliyofungwa nyuma yake. Ikipata ufa, bei ya paneli mpya, kama inapatikana, inakaribia ile ya tivii nyingine. Nina watoto wawili wa kiume wanaocheza mpira sebuleni kila nikienda jikoni, kwa hiyo hilo nililiandika kwa herufi kubwa.

Nikaanzia Kariakoo, kama kila mtu. Mtaa wa Aggrey na mitaa ya jirani, Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea. Nawapenda wauzaji wa Kariakoo, niseme ukweli. Hawakuoni kama usumbufu. Ukisema unaangalia tu, wanakwambia angalia mama, macho hayana kodi. Wanakuwashia tivii bila kununa, wanachomeka flashi yenye video ya samaki wa rangi rangi ambao hata tivii mbovu inawaonyesha vizuri. Mimi nilikwenda na flashi yangu. Niliweka picha tupu: nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu tupu. Kwenye nyeupe unaona madoa na kona zenye giza, kwenye nyeusi unaona mwanga unaovuja. Kijana mmoja akaniambia mama wewe ni fundi. Nikamwambia hapana, mimi ni wa bima, akaninyamazia kidogo.

Bei zao ni nzuri. Inchi 50 ya 4K ya chapa inayojulikana niliipata kwa 1,120,000. Kisha likaja lile swali: "Na risiti, mama, au bila risiti?" Bila risiti ilishuka chini ya milioni moja. Hapo wengi wetu tunashangilia. Ile VAT ya asilimia 18 imeyeyuka mbele ya macho yako, nani atakataa? Mimi nilikataa, na si kwa uzalendo peke yake. Mashine za EFD, zile za risiti za kodi, zipo tangu 2010, na risiti yake ina namba ya kuhakiki ambayo unaweza kuiangalia kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato. Ndicho kitu pekee kwenye biashara nzima kinachosema, bila muuzaji kuweza kubisha, kwamba tarehe hii, duka hili, lilimuuzia mtu kitu hiki. Bila hiyo waranti inaanza lini? Nani kaiuza? Kazini kwangu mtu akija bila ushahidi wa tarehe tunamwonea huruma sana, na hatumlipi.

Nikauliza waranti. Kijana akachukua kalamu, akavuta kitabu cha risiti za mkono, akaandika WARANTI MIAKA 2 na kupigia mstari. Chini ya ukurasa huo huo, palipochapwa na mwenye kiwanda cha vitabu vya risiti, pameandikwa: Mali ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi.

"Sasa mdogo wangu, nifuate ya juu au ya chini?"

"Ya juu, mama. Ya chini ni ya kitabu tu."

Tulicheka wote. Lakini nilitaka kujua ni waranti ya nani, ya kiwanda au ya duka. Ni ya duka. Ikisumbua unailetea hapa, wanakubadilishia. Na nikija nikakuta fremu hii inauzwa mapazia? Akaapa watakuwepo. Nilimwamini kwamba anaamini.

Sidharau waranti ya duka, na hapa najua wengine hatutakubaliana. Ikiwa tivii imetoka na kasoro ya kiwandani, kasoro hiyo hujionyesha mapema, na hakuna anayekuhudumia haraka kama Mkariakoo ambaye bado anakukumbuka sura. Unaibeba, unaifikisha, anaifungua, anakupa nyingine, umeondoka. Ukikwama zipo sheria pia: ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayomtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora wa kuuzika, na ya Ushindani ya 2003 iliyoanzisha FCC, Tume ya Ushindani, ambao kulinda walaji ni kazi yao. Ila mwenye kutaka kuangalia mechi Jumamosi hataki kesi, anataka tivii.

Lililonitoa Kariakoo lilikuwa jambo jingine. Tivii ile ilikuwa mzigo wa Dubai. Kwa umeme haina shida, kule na hapa ni volti zile zile na plagi ile ile ya meno matatu. Lakini watengenezaji wengi hufunga waranti yao kwa nchi au kanda iliyouzwa. Ukiipeleka kwa wakala wao wa hapa, anaingiza namba ya nyuma ya tivii kwenye kompyuta yake, anaona ilikusudiwa soko jingine, anakurudishia boksi kwa adabu zote. Kwa hiyo pale nyuma yangu angekuwepo kijana mwenye kalamu, peke yake. Kwa tivii ya laki tatu ningesema haya, twende. Kwa ya milioni na kitu, hapana.

Nikapita pia zile za dabo glasi, zenye kioo kigumu cha ziada mbele ya paneli. Nyumba yenye watoto wa aina ya wangu zinatamanisha. Muuzaji anakigonga kwa ngumi mbele yako, ngo ngo ngo, kama anagonga mlango. Shida yake, sebule yangu ina dirisha kubwa mkabala na ukuta wa tivii, na kioo kile kinarudisha dirisha lote. Niliwasha, nikajiona mwenyewe nimebeba mkoba katikati ya taarifa ya habari. Nikaachana nazo.

Duka la pili ni lile la aina ya kiyoyozi na sakafu inayong'aa, lililo kwenye orodha ya mawakala ya mtengenezaji mwenyewe. Inchi 50 ya chapa ile ile, 1,290,000, na hakuna swali la risiti, inatoka yenyewe. Waranti ya kiwanda miaka miwili, kituo cha huduma kipo hapa hapa Dar. Nilishaamua kabla hata hawajanikaribisha kiti. Binti aliyenihudumia alikuwa mchangamfu, anajua kitu anachouza, akanilinganishia namba za kwenye boksi, za mgongoni mwa tivii na za kwenye menyu ya ndani bila mimi kumwomba. Zote tatu zilifanana. Ukinunua popote, fanya hivyo. Maboksi yanaweza kufungwa upya vizuri sana.

Ndipo akatoa karatasi ya rangi.

"Dada yangu, na kwa laki moja na ishirini tu, unaongezewa miaka miwili mingine. Miaka minne huna wasiwasi."

Maneno hayo "huna wasiwasi" yananifanya nivae miwani.

Nikaanzia nyuma, kama kawaida. Haikulipa hitilafu inayotokana na umeme kupanda na kushuka. Haikulipa radi. Haikulipa kioo kilichopasuka, kwa sababu yoyote. Haikulipa maji, wala wadudu, na wadudu si utani, kwa sababu ndani ya tivii kuna joto na mende wa Dar wanapenda joto; mzee wangu wa Kinyerezi ameshazifungua akakuta koloni zima limekaa juu ya pawa bodi. Haikulipa ikifunguliwa na fundi asiyeidhinishwa. Haikulipa rimoti, waya, stendi. Haikulipa programu ikiacha kufanya kazi, jambo ambalo kwenye tivii za kisasa ndilo linalozeeka kwanza. Kioo kizima, sauti nzima, lakini YouTube inakwambia kifaa hiki hakitumiki tena. Na haikulipa matumizi ya biashara.

Hilo la biashara nasimama nalo kidogo, kwa sababu limeshamkuta shemeji yangu wa Mbagala. Ana saluni ya kiume, akafunga tivii ukutani wateja waangalie mpira wakisubiri kunyolewa. Ikazima ndani ya waranti ya kawaida, ya kiwanda. Wakatuma fundi, fundi akaingia akaona viti vya kuzungusha na vioo, akapiga picha, akaandika "biashara", akaondoka. Shemeji alibisha sana kwamba wateja hawalipi kuangalia. Haikusaidia. Wenye baa, wenye mabanda umiza, wenye nyumba za wageni, msome hapo kabla ya kulipa senti tano.

Sasa chukua ile orodha ya karatasi na uiweke kando ya maelezo ya mzee fundi. Umeme: haumo. Radi: haimo. Kioo: hakimo. Kilichobaki ni zile taa za nyuma na bodi kujifia zenyewe bila sababu. Taa nilishajua kwamba fundi anazibadilisha kwa pesa ya kawaida. Bodi zenye kasoro ya kiwandani nyingi hufa mapema, wahandisi wanalijua hili siku zote: kifaa kikivuka miezi yake ya mwanzo hutulia miaka kadhaa, kisha uzee ndio unakuja. Miezi ya mwanzo inabebwa na kiwanda, bure. Uzee unakuja baada ya karatasi ya rangi kuisha. Laki na ishirini ilikuwa inanunua ile miaka ya katikati iliyotulia.

Nilimuuliza binti maswali yangu ya ofisini. Anayetengeneza ni nani? Kampuni nyingine, si sisi na si kiwanda. Iko wapi? Hakuwa na uhakika, kuna namba ya simu. Kubeba tivii kuipeleka na kuirudisha ni juu ya nani? Ya mteja. Ikishindikana kutengenezwa, nalipwa bei niliyonunulia? Hapana dada, thamani ya wakati huo, inashuka kila mwaka. Na nyuma ya karatasi hii, kuna kampuni ya bima iliyosajiliwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima? Hapo alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Stika ya bima ya gari unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA kwa simu yako ukiwa umesimama barabarani. Karatasi ile ya rangi sikuona pa kuihakiki.

Hakuwa na kosa yule binti. Anauza alichopewa, na nadhani kila karatasi anayouza inamwongezea kitu mwisho wa mwezi. Nikamwambia hivi: "Mdogo wangu, waulize wakubwa zako jambo moja tu. Umeme umo au haumo? Ukiniambia umo, nakuletea laki na ishirini kesho." Akaandika namba yangu.

Baba watoto alikuwa na msimamo wake. Yeye ni wa kulipa aendelee na maisha. Kwenye gari, tivii ikiwa imesimama wima kiti cha nyuma imefungwa mkanda (isilazwe kamwe, kioo kikubwa kikilazwa kinapinda na tuta la barabarani linamalizia), aliniambia, "Wewe unakula kwa watu wanaolipa bima, halafu mwenyewe hulipi." Nikamwambia ninazilipa za gari na za afya, kwa sababu hasara hizo zikitokea sina uwezo wa kuzibeba. Tivii ikifa nitaumia, nitakaa na redio miezi miwili mitatu, nitanunua nyingine. Hakujibu. Tulikuwa tumefika kwenye foleni ya Tabata na hapo kila mtu huwa na mawazo yake.

Pesa ile hatukuila. Ilikwenda kwenye yale yasiyolipwa. TV gadi ya 38,000, ile inayokaa kati ya plagi na tivii, inakata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri kidogo kabla ya kuurudisha, ili kile kishindo cha kwanza kipite. Muuzaji alitaka kunipa stabilaiza kubwa ya kilo nyingi. Nikaiacha, hiyo ina maana zaidi kwa friji yenye kompresa, na adui yangu mimi hakuwa umeme mdogo. Breketi ya ukutani 25,000, tivii ikapanda juu ya usawa wa mpira mwingi unaopigwa sebuleni kwetu. Si mwingi wote. Mwingi.

Kilichonishtua kilitoka kwa fundi umeme. Nilimwita kuweka soketi mpya nyuma ya tivii, nikamwomba apime erthi, maana vifaa vingi vya kuzuia umeme mkubwa vinahitaji mahali pa kuutupia. Akafuata waya kutoka kwenye boksi la mita hadi nje, akachimbachimba chini ya ukuta, akaniita. Waya wa erthi wa nyumba nzima ulikuwa umekatwa, pengine siku walipochimba mtaro wa bomba la maji, na umefukiwa hivyo hivyo. Tundu la tatu kwenye soketi zetu zote lilikuwa pambo. Nondo mpya ya shaba, waya na ufundi vikanitoka 70,000. Jumla nikawa nimeipita ile laki na ishirini, ila sasa na friji, na pasi, na mashine ya kufulia vimo humo humo, wala hakuna aliyeniuliza kama natumia kwa biashara.

Makaratasi niliyaweka hivi. Risiti za EFD zinachapwa kwenye karatasi ya joto, ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au kabatini pa moto, maandishi yanafifia hadi inabaki nyeupe kabla waranti haijafika nusu. Nilitoa kopi siku ile ile, nikapiga picha ya risiti, ya kadi ya waranti yenye mhuri na tarehe, na ya ile lebo ya mgongoni kabla tivii haijapanda ukutani, maana ikishapanda hutaisoma tena bila kuita watu wawili. Nikajitumia zote kwa baruapepe. Boksi nalo nimelihifadhi juu ya kabati, baba watoto hulilalamikia kila akitafuta begi, lakini kituo cha huduma wakitaka tivii iletwe, sitaifunga kwenye kanga.

Kisha nikaiweka kwenye mpangilio wa nyumbani, nikashusha mwanga wa nyuma hadi nusu. Watoto walisema imekuwa giza. Baada ya muda mfupi wakasahau.

Kuna tivii ambayo ningeilipia nyongeza? Ipo. Zile za OLED za mamilioni, ambazo kioo chake chenyewe ndicho kinachowaka na hakina mikanda ya kubadilisha, na nembo ya kituo cha televisheni inayokaa kona moja usiku na mchana inaweza kujichora humo moja kwa moja. Hapo ningesoma kama alama hizo zinalipwa, na kama zinalipwa, ningekaa chini nipige hesabu upya. Kwa inchi 50 ya kawaida sikuona hesabu ya kupiga.

Yule binti alinipigia, na mimi nilishamsahau. Sauti ya furaha kabisa.

"Dada yangu, nimeuliza makao makuu. Umeme haumo. Lakini wiki hii waranti ya nyongeza ina punguzo la asilimia ishirini!"

Nikamshukuru, kwa sababu wangapi huahidi kuuliza na wakauliza kweli? Nikamuuliza kama dukani kwao wana TV gadi, jirani yangu anatafuta. Akaniweka kusubiri, nikasikia anaulizana na wenzake. Hawana, akasema, watu hawaziulizii.